Shajara ya mradi: kujiandaa na mtihani wa Series 65

Januari, mwanzo: mipaka ya kazi

Mradi huu ni wa kundi la kusoma la wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani wanaotaka kutoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo. Mtihani unaowahusu ni Series 65. Unatungwa na NASAA, chama cha wasimamizi wa dhamana (hisa, hatifungani na mfano wake) wa majimbo, unaendeshwa na FINRA, taasisi inayosimamia makampuni ya udalali, na unafanyikia kwenye vituo vya Prometric. Hautaki shahada, hautaki mwajiri wa kukudhamini, wala hakuna mtihani mwingine unaopaswa kuutangulia. Ndiyo maana wanaohama fani, hasa wahasibu na mawakala wa bima, huanzia hapa.

Kabla ya kununua kitabu chochote, kila mmoja ahakikishe kwamba anauhitaji kweli. Mwenye cheti hai cha kitaaluma cha fedha, yaani CFP, CFA, ChFC, PFS au CIC, majimbo kwa kawaida humsamehe. Anayetaka kuuza hisa na mifuko kwa kamisheni, Series 65 peke yake haimfikishi. Njia yake ni Series 7 pamoja na Series 66, kupitia kampuni ya udalali itakayomwajiri. Na anayepanga kurudi kufanya kazi Dar es Salaam au Nairobi ajue kwamba leseni za huko hutolewa na mamlaka za masoko ya mitaji, CMSA ya Tanzania na CMA ya Kenya, kwa masharti yao. Kufaulu Series 65 hakumpi kibali huko.

Maswali yanayohesabiwa ni 130. Yanachanganywa na mengine 10 ya majaribio yasiyo na alama, na mtahiniwa hawezi kuyatambua, kwa hiyo anajibu yote 140. Muda ni dakika 180. Kufaulu ni kupata 92 kati ya 130. Vitabu vya zamani bado vinasema 94. Ukikuta tarakimu hiyo, fahamu kwamba hata sehemu nyingine za kitabu huenda zimepitwa, hasa za kodi na pensheni.

Mgawanyo ndio ulioamua ratiba yetu. Uchumi na taarifa za biashara ni maswali 20. Aina za uwekezaji ni 32. Mapendekezo kwa mteja na mikakati ni 39. Sheria, kanuni na maadili ni 39 pia. Watu wengi huingia wakiogopa hesabu, kumbe maswali 78 yako kwenye sehemu mbili za mwisho, na hizo zinapima usomaji makini wa hali iliyoelezwa kuliko ufundi wa kukokotoa.

Tumepanga saa 100 za kusoma kwa kila mtu, saa 10 kwa wiki. Mwenye historia ya kazi ya fedha anaweza kupunguza kwenye aina za uwekezaji. Kwenye sheria asipunguze, kwa sababu mazoea ya kazini mara nyingi hayafanani na yaliyoandikwa kwenye sheria ya mfano ya majimbo, yaani sheria-kielelezo ambayo majimbo huifuata.

Januari, bado mwanzo: fomu, ada na jina

Asiye na mwajiri anajiandikisha kwa Fomu U10 kupitia tovuti ya FINRA. Ada ni dola 187. Ombi likikubaliwa, dirisha la siku 120 linafunguka, na mtihani lazima ufanyike ndani yake. Dirisha likifungwa kabla hujafanya, ada imekwenda na unaanza upya. Kwa hiyo tumeamua hakuna anayejaza U10 kabla ya kumaliza kupitia mada zote mara moja. Kulipa mapema ili "kujilazimisha kusoma" kunawaponza wenye zamu za usiku na familia: zikibaki wiki mbili wanakwenda kubahatisha.

Anayeshindwa anasubiri siku 30, na akishindwa tena siku 30 nyingine. Baada ya kushindwa mara ya tatu anasubiri siku 180. Ada hulipwa kila mara.

Jambo dogo linalowakwamisha watu wetu ni jina. Jina kwenye U10 lazima lilingane na kitambulisho cha serikali utakachoonyesha mlangoni. Wengi tuna majina matatu: pasipoti imeweka la babu kama la ukoo, leseni ya udereva imeliacha la kati, na kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security) imeyapanga kivingine. Chagua kitambulisho kimoja kilicho hai, chenye picha na saini, kisha ujaze fomu herufi kwa herufi kama kilivyoandikwa. Anayetarajia kubadilisha jina kwa ndoa au uraia amalize hilo kwanza.

Januari, katikati: nani ni nani

Vitabu vingi huanza na uchumi. Sisi tumeanza na sheria, kwa sababu inahitaji kurudiwa mara nyingi kwa muda mrefu, na ukiiacha mwisho hakuna muda wa kuirudia.

Msingi ni watu wanne: kampuni ya udalali, wakala wake, mshauri wa uwekezaji, na mwakilishi wa mshauri. Kampuni ya udalali na mshauri kwa kawaida ni makampuni. Wakala na mwakilishi daima ni binadamu. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni ya udalali. Mwakilishi anashauri kwa niaba ya mshauri. Maswali mengi hupotea hapa kabla hata ya kufika kwenye kanuni yenyewe: swali linauliza kuhusu wakala, msomaji anajibu kuhusu kampuni.

Mshauri wa uwekezaji anatambulika kwa mambo matatu yanayokaa pamoja: anatoa ushauri kuhusu dhamana, anafanya hivyo kama shughuli yake, na analipwa. Likikosekana moja, si mshauri. Malipo hapa ni mapana. Si lazima yatoke kwa mteja mwenyewe.

Halafu kuna tofauti inayobeba maswali mengi kuliko nyingine yoyote kwenye sehemu hii: kutokuwamo kwenye tafsiri, na kuwamo lakini kusamehewa usajili. Mwanasheria, mhasibu, mwalimu na mhandisi hawamo kwenye tafsiri ya mshauri iwapo ushauri wao ni wa pembeni tu ya kazi yao. Mhasibu akimweleza mteja athari ya kodi ya kuuza hisa zake wakati anamwandalia hesabu za mwaka, hayumo. Akitoza ada ya pekee kwa ushauri huo, au akijitangaza kwenye kadi yake kama mshauri wa uwekezaji, ameingia. Waraka wa SEC, tume ya dhamana ya shirikisho, wa mwaka 1987, IA-1092, ndio uliopanua tafsiri hii kuwafikia wapanga fedha, washauri wa pensheni na wawakilishi wa wanamichezo na wasanii.

Vivyo hivyo kwa dhamana. Baadhi ya vitu si dhamana kabisa: bima ya maisha ya kawaida, mkataba wa mafao (annuity) wenye malipo maalumu yasiyobadilika, fedha za kigeni, mikataba ya baadaye ya bidhaa, dhahabu, nyumba ya kuishi. Kipimo cha kesi ya Howey ya mwaka 1946 kinasaidia: pesa imewekezwa, kwenye shughuli ya pamoja, kwa matarajio ya faida, itakayotokana na juhudi za wengine. Mkataba wa mafao unaobadilika kufuatana na soko umo, kwa sababu hatari ya soko inabebwa na mteja. Hatifungani ya serikali ni dhamana kamili; imesamehewa usajili tu. Na iliyosamehewa usajili haijasamehewa kanuni za udanganyifu. Hili limewekwa juu ya ukurasa wa kwanza wa madaftari yote.

Hali: sura ya tafsiri imemalizika, lakini itajirudia kila wiki.

Januari, mwisho: kesi moja, mara tano

Njia iliyofanya kazi vizuri kuliko kusoma sura nzima ni kuchukua kesi moja na kubadilisha jambo moja tu kila mara. Hii ndiyo tuliyoitumia.

Kampuni ya ushauri ina ofisi Ohio peke yake na inasimamia dola milioni 40. Huko Indiana ina wateja binafsi 4, pamoja na mifuko miwili mikubwa ya pensheni. Je, isajiliwe Indiana? Hapana. Haina mahali pa biashara huko, taasisi hazihesabiwi, na wateja binafsi hawajazidi 5 ndani ya miezi 12.

Badilisha: wateja binafsi wa Indiana sasa ni 6. Isajiliwe.

Rudisha wateja wawe 4, lakini kampuni imetangaza kwamba mwakilishi wake atakuwa anapokea watu kila Alhamisi kwenye chumba cha hoteli moja mjini Indianapolis. Isajiliwe. Mahali pa biashara pakitangazwa kwa umma, hesabu ya wateja haina kazi tena. Hata mteja mmoja anatosha.

Sasa kampuni isimamie dola milioni 140. Imehamia SEC, na Indiana haiwezi kuitaka isajiliwe. Inaweza kuitaka iwasilishe taarifa na kulipa ada, na inaweza kuishtaki kwa udanganyifu. Mipaka tangu sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 iko hivi: ikifika dola milioni 100 kampuni inaruhusiwa kwenda SEC, ikifika 110 inalazimika, na iliyoko SEC haiondoki mpaka ishuke chini ya 90. Pengo hilo limewekwa ili kampuni isihame huku na huko kila soko linapoyumba.

Badiliko la mwisho ndilo lililowaangusha wengi: kampuni ya dola milioni 140, mwakilishi wake ana ofisi Indiana. Kampuni haisajiliwi na jimbo, lakini mwakilishi anasajiliwa Indiana. Mwakilishi wa kampuni iliyo chini ya SEC husajiliwa kwenye jimbo alilo na mahali pa biashara, na kwingineko hapana.

Kanuni ya wateja 5 ni ya washauri. Kampuni ya udalali isiyo na ofisi jimboni haina nafasi hiyo: ikiuza kwa mkazi mmoja wa kawaida wa jimbo, inalazimika kusajiliwa. Inachoruhusiwa ni kuhudumia taasisi, na mteja wake wa siku zote aliye jimboni kwa muda tu. Watunga mtihani hupenda kuweka tarakimu 5 kwenye swali la kampuni ya udalali, na aliyekariri tarakimu bila kujua ni ya nani ananaswa.

Februari, mwanzo: tarakimu zinazofanana

Wiki hii yote ni tarakimu. Zinachanganya kwa sababu jimbo na shirikisho wana kanuni ya jambo lile lile yenye kiwango tofauti.

Malipo ya awali: kwenye jimbo, mshauri anayechukua zaidi ya dola 500 kwa miezi 6 au zaidi mbele lazima aambatishe mizania kwenye kijitabu chake cha maelezo. Kwa shirikisho kiwango ni zaidi ya dola 1,200. Masharti ni mawili kwa pamoja. Ada ya dola 900 ya miezi mitatu mbele haigusi kanuni hii popote, na swali la namna hiyo huja.

Kijitabu chenyewe, yaani sehemu ya 2 ya Fomu ADV, fomu ya usajili wa mshauri: kwa shirikisho kinatolewa kabla ya mkataba au wakati wa kuusaini. Kwa kanuni ya mfano ya majimbo, kinatolewa saa 48 kabla. Kama kimetolewa wakati wa kusaini, mteja ana siku 5 za kazi za kujitoa bila kutozwa. Marekebisho ya mwaka huwasilishwa ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na mteja hupelekewa ndani ya siku 120.

Mtaji: mshauri wa jimbo mwenye kushika mali za wateja awe na thamani halisi (mali kutoa madeni) ya dola 35,000, mwenye mamlaka ya kuamua bila kuuliza, dola 10,000. Kiwango kikishuka, Msimamizi wa jimbo, yaani afisa anayesimamia dhamana jimboni, anaarifiwa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Kukata ada moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja kunahesabika kama kushika mali. Wengi hudhani kushika ni kuwa na pesa mkononi. Pesa au hati ya mteja ikifika ofisini kwa bahati mbaya, irudishwe kwa aliyeituma ndani ya siku 3 za kazi, na hapo haihesabiki.

Kumbukumbu: mshauri miaka 5, miwili ya mwanzo ikiwa ofisi kuu, kampuni ya udalali kwa kawaida miaka 3. Adhabu ya jinai chini ya sheria ya mfano ya majimbo: hadi miaka 3 jela na faini hadi dola 5,000, na mashtaka yafunguliwe ndani ya miaka 5. Madai ya mteja: miaka 2 tangu kugundua au 3 tangu kuuziwa, ipi inatangulia. Tarakimu 2, 3 na 5 zimejaa hapa, na njia pekee iliyosaidia ni kuandika kila moja pamoja na kitenzi chake: kutunza miaka 5, kufunga miaka 3, kudai miaka 2 au 3. Kadi yenye tarakimu tupu haifai.

Usajili: unaanza kufanya kazi saa 6 mchana siku ya 30 baada ya ombi kukamilika, na unaisha 31 Desemba hata kama ulianza Novemba.

Mipaka ya Msimamizi pia huulizwa sana. Anaweza kusimamisha au kufuta usajili, na anaweza kutoa amri ya kuacha jambo hata kabla ya kusikiliza upande wa pili. Hawezi kutoa zuio la kimahakama wala kumfunga mtu. Hayo ni ya mahakama. Jibu lenye neno "zuio" likimweka Msimamizi kama mtoaji, liondoe.

Februari, katikati: hatifungani na hesabu chache

Hesabu za mtihani huu ni chache na kikokotoo kinachotolewa kituoni ni cha kawaida tu, chenye kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Anayejizoeza kwa kikokotoo cha fedha au simu atakutana na kitu kingine mezani. Tangu wiki hii mazoezi yote yafanyike kwa kikokotoo cha kawaida.

Hatifungani ya dola 1,000, kuponi (riba yake ya mwaka) ya asilimia 6, miaka 10 hadi kuiva, inauzwa dola 900. Kuponi ni dola 60 kwa mwaka. Mavuno ya sasa ni 60 kugawa kwa 900, asilimia 6.67. Mavuno hadi kuiva kwa makisio: punguzo la dola 100 ligawe kwa miaka 10, upate 10, jumlisha na 60, upate 70, gawa kwa wastani wa 900 na 1,000, yaani 950. Ni asilimia 7.37. Ikiwa mtoaji anaweza kuirudisha, yaani kuilipa mapema, baada ya miaka 5 kwa thamani ya usoni ya dola 1,000, dola 100 zile zinapatikana kwa miaka 5 badala ya 10: 80 kwa 950, asilimia 8.42. Mpangilio umepanda: 6, 6.67, 7.37, 8.42.

Ikiuzwa dola 1,100 mpangilio unashuka: 6, kisha 5.45, kisha 4.76, kisha 3.81 ikirudishwa mapema. Aliyenunua ghali anapoteza dola 100 kwa vyovyote, na kurudishwa mapema kunamfanya azipoteze haraka zaidi. Akiielewa sababu, hana haja ya kukariri mchoro. Mtihani mara nyingi hauulizi hesabu, unauliza mpangilio.

Bei na riba ya soko huenda kinyume, na urefu wa wastani wa malipo (duration) ndio unaosema kwa kiasi gani: hatifungani yenye urefu wa 7 hushuka takriban asilimia 7 riba ikipanda asilimia 1. Hatifungani isiyo na kuponi ina urefu sawa na muda wake wa kuiva, kwa hiyo huyumba kuliko zote za muda huo. Na mwenye nayo hulipa kodi kila mwaka kwa riba ambayo hajaipokea, ndiyo maana inakaa vizuri zaidi ndani ya akaunti ya kustaafu.

Nyingine zilizopitiwa haraka. Mavuno yanayolingana na kodi: hatifungani ya manispaa asilimia 4.2, mteja wa daraja la kodi la asilimia 24: 4.2 gawa kwa 0.76, asilimia 5.53. Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa 1.24, ambalo linatoa 5.21, na 5.21 huwa imo kwenye majibu. Faida inayotarajiwa: riba isiyo na hatari 3, soko 9, beta (kiasi cha kuyumba ukilinganisha na soko) 1.4, 3 jumlisha 1.4 mara 6, ni 11.4. Kosa hapa ni kuzidisha beta kwa 9 nzima. Mfuko ukileta 12.5, alfa, yaani ziada juu ya iliyotarajiwa, ni 1.1. Uwiano wa Sharpe, yaani faida inayozidi riba isiyo na hatari gawa kwa mchepuko (kiasi cha kuyumba kwa faida): mfuko wenye faida 11 na mchepuko wa 16 unapata 0.5, wenye faida 9 na mchepuko wa 10 unapata 0.6, na huo ndio uliomlipa mwekezaji vizuri zaidi kwa hatari aliyobeba.

Uchumi umechukua jioni mbili na unatosha.

Februari, mwisho: daftari la makosa

Hapa ndipo mradi ulipobadilika. Hadi sasa makosa yalipangwa kwa mada: opsheni, pensheni, usajili. Mpangilio huo unasema ulipokosea, lakini hausemi kwa nini. Tumeanza kuyapanga kwa sababu, kwa herufi nne. H ni hakujua. C ni alichanganya vitu viwili. S ni hakusoma swali vizuri. B ni bahati: jibu sahihi ambalo mtu hawezi kulitetea.

Herufi B ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo watu huiruka, kwa sababu programu ya mazoezi inaionyesha ya kijani. Swali ulilopata kwa kukisia leo litakugeuka siku ya mtihani. Kabla ya kuangalia jibu, mtu aseme kwa sentensi moja kwa nini anachagua alichochagua. Akishindwa, ni B hata akipata.

Baada ya kupanga upya, H zilikuwa chache kuliko ilivyodhaniwa. C na S ndizo zilizotawala. Dawa ya H ni kurudi kwenye kitabu. Dawa ya C ni kuweka vitu viwili vinavyochanganywa kwenye ukurasa mmoja, mkabala. Kurudia sura nzima hakusaidii C hata kidogo. Mtu anasoma vyote viwili tena na anatoka navyo vimechanganyika vile vile. Mfano wa ukurasa wa C: mamlaka ya kuamua bila kuuliza. Mshauri anaweza kuanza kwa ruhusa ya mdomo na kupata ya maandishi ndani ya siku 10 za kazi tangu muamala wa kwanza. Wakala wa kampuni ya udalali lazima awe nayo ya maandishi kabla. Kwa wote wawili, mteja akishasema anunuliwe nini, kiasi gani na ni kununua au kuuza, kuchagua saa na bei tu si mamlaka hayo.

Dawa ya S ni kusoma mstari wa mwisho wa swali kwanza. Maswali ya NASAA mara nyingi yana hadithi ndefu, na neno linaloamua liko mwishoni: "isipokuwa", "lipi si kweli", "kwa uwezekano mkubwa zaidi". Kwenye yenye "isipokuwa", andika K au U pembeni ya kila jibu kwenye ubao unaopewa, kweli au uongo, kisha uchague U. Inachukua sekunde chache.

Machi, mwanzo: mteja

Maswali 39 ya mapendekezo yanaonekana ya busara ya kawaida, na ndiyo yanayowachezea wenye uzoefu wa bima. Mtu wa bima huona mkataba wa mafao unaobadilika kama jibu la kila mstaafu. Mtihani unauliza kwanza: pesa inahitajika lini, mteja analipa kodi daraja gani, ana akiba ya dharura, anaweza kubeba hasara kiasi gani. Pesa ya ada ya chuo ya miaka miwili ijayo haiwekwi kwenye hisa, hata mteja awe kijana na jasiri. Hatifungani za manispaa haziwekwi ndani ya akaunti ya kustaafu, maana msamaha wa kodi unapotea humo. Mkataba wa mafao ndani ya akaunti ya kustaafu unalipia kinga ya kodi ambayo tayari ipo.

Umri: kutoa pesa kwenye akaunti ya kustaafu kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida kuna adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi. Kutoa kwa lazima kwenye akaunti ya kustaafu ya kawaida sasa kunaanza miaka 73. Kitabu kinachosema 70 na nusu au 72 kimepitwa. Akaunti ya Roth, ile inayowekewa pesa iliyokwisha kulipiwa kodi, haimlazimishi mwenyewe kutoa akiwa hai.

Mtego wa maadili unaotugusa sana ni mkopo. Mshauri haruhusiwi kukopa kwa mteja, isipokuwa mteja ni benki au taasisi ya kukopesha, kampuni ya udalali, au mshirika wa kampuni yake. Undugu haumo kwenye orodha. Mjomba akiwa mteja, hakopwi, na kwenye mtihani jibu ni hilo hata kama swali limepamba uhusiano wao.

Machi, mwisho: mitihani ya majaribio

U10 zimejazwa. Majaribio kamili yanafanywa kwa kukaa mara moja, maswali 140, dakika 180, simu ikiwa chumba kingine.

Kipimo chetu cha utayari ni asilimia 80 au zaidi kwenye maswali ambayo mtu hajawahi kuyaona, mfululizo na si mara moja. Kufaulu kunahitaji takriban 71, lakini wasiwasi wa siku yenyewe na maneno mageni hula alama. Asilimia 90 kwenye benki ya maswali iliyorudiwa haina maana; hapo anayejibu ni kumbukumbu ya swali. Kwa hiyo kila mtu ametunza mitihani miwili ambayo haijafunguliwa hadi sasa.

Mwendo: swali la 50 dakika ya 60, la 100 dakika ya 120, la mwisho dakika ya 168. Zinabaki dakika 12 za kurudia yaliyowekewa alama. Kukosea hakukati alama, kwa hiyo hakuna swali linaloachwa tupu. Ukiweka alama ya kurudi, jibu kwanza. Hesabu ikizidi dakika mbili, jibu lililo karibu, weka alama, songa.

Kubadilisha jibu wakati wa kurudia kuruhusiwe kwa sababu moja tu: umeona neno ambalo hukuliona mwanzo. Daftari linaonyesha kwamba waliobadilisha kwa wasiwasi walitoka kwenye sahihi kwenda kwenye kosa.

Aprili: kituoni na baada ya hapo

Siku mbili za mwisho ni kurasa za C na tarakimu pekee. Maswali mapya hayafunguliwi. Fika kituoni dakika 30 kabla, na kitambulisho kile kile cha U10. Saa, simu na karatasi zinabaki kabatini. Ukishakaa na muda ukaanza, andika kwenye ubao tarakimu za jimbo upande mmoja na za shirikisho upande mwingine, kabla swali lolote halijazivuruga.

Matokeo hutoka hapo hapo. Aliyekosa hupewa mchanganuo wa sehemu nne. Autunze, kwa sababu ndio unaoamua siku 30 zinazofuata zitumike wapi.

Kwa aliyefaulu kazi ya karatasi ndiyo kwanza inaanza. Kufaulu si usajili, na hairuhusiwi kumtoza mtu ada ya ushauri kwa sababu ya matokeo hayo pekee. Anayejiunga na kampuni hujaziwa Fomu U4, ya usajili wa mtu binafsi. Anayefungua ya kwake hujaza Fomu ADV kupitia mfumo wa usajili wa mtandaoni wa IARD, hulipa ada za jimbo, huandika mkataba wa wateja na kijitabu cha maelezo, kisha anajisajili yeye mwenyewe kama mwakilishi wa kampuni yake kwa U4. Msimamizi wa jimbo anaweza kurudisha ombi na maswali zaidi ya mara moja. Majibu yanayochelewa ndiyo yanayorefusha kazi. Matokeo ya mtihani yanadumu miaka 2 bila usajili, kwa hiyo rasimu ya ADV inaanza wiki hii.